Damu kwenye mimba changa: swali la kwanza ni mimba iko wapi

Saa tatu asubuhi, benchi la zahanati limejaa. Tuseme anaingia mwanamke wa miaka 26, kanga ya pili ameifunga kiunoni, anasalimia "Shikamoo daktari" kwa sauti ya chini na kukaa upandeupande. Wiki mbili zilizopita alinunua kipimo cha mkojo duka la dawa, mistari ikatoka miwili. Tangu jana usiku anaona damu. Si nyingi: pedi moja tu, na wala haijajaa. Anachotaka kujua ni kimoja. "Mimba itakaa?"

Ana haki ya kuuliza hivyo. Ila tabibu aliye mbele yake akianza na swali hilohilo, amekosea njia kabla hajaondoka. Swali lake la kwanza ni lingine kabisa: mimba yenyewe iko wapi?

Tuanze na hesabu. Katika kila wajawazito wanne, mmoja hivi huona damu katika miezi mitatu ya mwanzo. Nusu yao au zaidi mimba huendelea vizuri na mtoto huzaliwa. Wengi wa waliobaki mimba hutoka yenyewe. Kisha kuna kundi dogo, mimba moja hadi mbili katika kila mia, ambamo mimba imetunga nje ya kizazi, mara nyingi kabisa ndani ya mrija wa uzazi. Mrija huo mwembamba haukuumbwa kutanuka, na mara nyingi hupasuka kati ya wiki ya sita na ya nane. Kundi hili dogo ni miongoni mwa yanayoua zaidi mama katika mimba changa. Kwa hiyo kila mwanamke mwenye damu au maumivu ya tumbo na kipimo chake kikasoma mimba, mhesabu kuwa ana mimba ya nje mpaka ithibitike vingine. Sheria hii itakuletea rufaa nyingi ambazo baadaye zitaonekana hazikuwa na ulazima. Mimi naona ni bei halali.

Damu ya nje inadanganya

Kinachopotosha wengi ni kupima hatari kwa wingi wa damu inayoonekana. Mimba inayotoka kwenye kizazi inaweza kulowesha kanga mbili na kuangusha mabonge makubwa, halafu baada ya saa chache mama akawa ametulia, mapigo ya moyo ya kawaida, anaomba chai. Mimba ya nje hufanya kinyume. Ukeni huonekana matone tu, tena ya rangi ya kahawia, wakati lita nzima inajikusanya tumboni. Yule wa pedi moja anaweza kuwa ndiye mgonjwa zaidi kwenye benchi lile.

Basi tuangalie mwili, tusiangalie pedi peke yake. Hapa kuna mtego wa presha. Mwanamke kijana mwenye afya hufidia upotevu wa damu kwa muda mrefu: moyo unakwenda mbio, mishipa inabana, presha inashikilia. Kisha inaporomoka ghafla. Ukiona kwenye faili mapigo 110 na presha 100/60, wapo watakaoandika "presha nzuri" na kumwita anayefuata. Chukua mapigo, gawa kwa namba ya juu ya presha: 110 kwa 100 ni 1.1. Ikizidi 0.9, shtuka. Hesabu hiyo haihitaji umeme wala maabara, na ina maana zaidi kuliko presha ikiwa peke yake.

Mtego wa pili ni HB, kipimo cha wingi wa damu. Mtu anayevuja damu kwa kasi anapoteza maji na chembe kwa pamoja, hivyo kipimo kikichukuliwa mapema kitasoma 11 kama kawaida. Kinashuka baadaye, mwili ukishavuta maji kuziba pengo au dripu ikishaingia. HB nzuri ya saa ya kwanza haina la kukuambia kuhusu damu iliyopo tumboni.

Halafu kuna maumivu yanayojitokeza mahali pasipotarajiwa. Damu iliyomwagika tumboni ikifika chini ya kiwambo, ule ukuta wa misuli unaotenganisha kifua na tumbo, husisimua neva inayoanzia shingoni, na mgonjwa analalamika bega. "Nikilala, bega linauma." Ukimkanda bega hupati kitu. Mwingine anasikia haja kubwa kila dakika, au anaharisha, kwa sababu damu imekaa nyuma ya kizazi na kugusa utumbo. Hawa ndio wanaoondoka na dawa za "UTI na taifodi", magonjwa mawili ambayo kwetu yamebebeshwa kila tumbo lisiloeleweka. Kipimo cha mkojo cha mimba ni cha bei ndogo na majibu yake hutoka ndani ya dakika tano. Mwanamke yeyote aliye kwenye umri wa kuzaa akija na maumivu ya tumbo au kuzimia, apimwe, hata akisema yuko kwenye sindano au ana kijiti. Mwenye kitanzi hupata mimba kwa nadra sana, ila akiipata, uwezekano wa kuwa nje ya kizazi ni mkubwa kuliko kwa mwingine.

Na asemaye "siku zangu nimeziona" aulizwe tena. Zilikuja tarehe yake? Zilikaa siku ngapi? Nzito kama siku zote? Ile aliyodhani ni hedhi inaweza kuwa ndiyo damu ya mimba yenyewe, na hesabu yote ya wiki ikawa imekosewa kwa mwezi mzima.

Uliza pia kama amewahi kupata mimba ya nje, kufanyiwa upasuaji wa mirija, kuugua maambukizi ya via vya uzazi ya klamidia au kisonono, au kutafuta mtoto kwa muda mrefu. Lakini usijiliwaze akijibu hapana kwa yote. Sehemu kubwa ya wanaopata mimba ya nje, pengine nusu yao, hawana hata kimoja cha vihatarishi hivyo.

Kitandani, na chini ya taa

Tumbo liguswe kwa upole. Mimba ya nje ikishukiwa, hakuna sababu ya kubonyezabonyeza ukitafuta uvimbe, maana mkono wenyewe unaweza kuupasua mrija.

Spekula, kifaa cha kufungulia uke ili mlango wa kizazi uonekane, ndiyo wengi wanaiogopa, wagonjwa na watoa huduma pia, kwa dhana kwamba "itatoa mimba". Haiitoi. Kwenye mimba changa ni salama, na inaonyesha mambo ambayo hayabahatishwi. Damu inatoka ndani ya kizazi, au kwenye mlango wake? Mlango uko wazi au umefunga? Pengine kuna kinyama laini kinachoning'inia, pengine uchafu wa maambukizi. Pengine kuna kidonda kigumu kinachovuja ukikigusa. Katika nchi zetu, ambako saratani ya mlango wa kizazi bado inaua wanawake wengi, ujauzito unaweza kuwa ndiyo mara ya kwanza mtu kuuangalia mlango huo.

Lipo jambo moja la spekula ambalo kila anayefanya kazi zahanati analihitaji. Mama analetwa amelegea, presha 70, mapigo ya moyo 50 badala ya kwenda mbio. Damu iliyotoka hailingani kabisa na hali yake. Ukifungua unakuta nyama ya mimba imekwama katikati ya mlango wa kizazi, nusu ndani nusu nje. Kule kutanuliwa kwa mlango ndiko kunakoangusha moyo na presha. Unaishika kwa kibanio cha shashi, unaivuta taratibu, inatoka. Mara nyingi presha huanza kupanda ukiwa bado umeshika kibanio. Dripu peke yake isingefanya kazi hiyo.

Majina tunayowapa

Vitabuni damu ya mimba changa imegawanywa kwa majina. Mlango umefunga na mtoto bado ana mapigo ya moyo: mimba inatishia kutoka. Mlango uko wazi na damu inaendelea: inatoka. Sehemu imetoka, sehemu imebaki: haijatoka yote. Mtoto amekufa ndani, mara nyingine bila hata tone la damu: mimba imeharibika kimya. Na damu ikikata na kizazi kikarudi kuwa tupu, imetoka yote.

Hilo la mwisho ndilo jina ninaloliogopa kuliko mengine. Altrasaundi inaonyesha kizazi kitupu, mama anasema bonge kubwa lilitoka jana chooni, na mtu anaandika "imetoka yote, aende nyumbani". Lakini kizazi kitupu chenye kipimo cha mkojo kinachosoma mimba kina maana tatu: mimba ni changa mno haijaonekana, imeshatoka, au haikuwahi kuwa humo. Na lile bonge? Mimba ikiwa kwenye mrija, kizazi nacho hutandika utando wake mzito kikisubiri mgeni asiyefika, na utando huo unaweza kung'oka mzima, ukatoka na umbo la kizazi, ukafanana kabisa na nyama ya mimba. Kama hakuna altrasaundi ya awali iliyoiona mimba ndani, au mtu mwenye uzoefu hajaiona nyama ya kondo kwa macho, jibu la kweli ni kuwa haijulikani mimba iko wapi. Hilo ni jina la kitabibu pia, na halina aibu.

Altrasaundi yenyewe ina kalenda yake. Ile ya kupitia ukeni huonyesha mfuko wa mimba karibu wiki ya tano na mapigo ya moyo karibu ya sita. Ya juu ya tumbo, ambayo ndiyo iliyopo kwenye vituo vingi, huchelewa kama wiki moja. Kwa hiyo aliyepimwa wiki ya tano kwa kifaa cha juu ya tumbo na kuambiwa "hamna kitu" hajaambiwa lolote.

Palipo na maabara ya kupima kiwango cha homoni ya mimba kwenye damu, kipimo kimoja hakitoshi, vinatakiwa viwili vilivyopishana saa 48. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza unasema kiwango kikipanda kwa zaidi ya asilimia 63, yaelekea mimba iko ndani na inakua, na altrasaundi irudiwe. Kikishuka kwa zaidi ya asilimia 50, yaelekea inaisha yenyewe. Katikati ya hapo mama aonwe na mtaalamu ndani ya saa 24. Maumivu yakianza, hesabu hizi zinawekwa kando. Mimba ya nje imewahi kupasuka kiwango kikiwa kinashuka.

Upo pia upande mwingine wa haraka, nao ni kumsafisha kizazi mama ambaye mimba yake bado hai. Kwa kipimo cha ukeni, mimba haitangazwi kuwa imekufa mpaka mtoto awe na urefu wa milimita 7 au zaidi bila mapigo ya moyo, au mfuko uwe na wastani wa milimita 25 au zaidi bila mtoto ndani. Hata hapo NICE inataka jicho la pili, au kipimo kirudiwe baada ya siku 7 angalau. Ikiwa kifaa ni cha juu ya tumbo, ni siku 14. Ukimuona mama ametulia, damu kidogo, hana homa, hakuna kinachokukimbiza. Wiki moja ya kusubiri inauma, lakini mimba iliyotakiwa na kusafishwa kwa kosa la tarehe hairudi.

Tiba, na zile zisizo tiba

Kama mimba iko ndani na inatishia kutoka, wengi wataambiwa walale kitandani. Kulala hakujaonyeshwa kuokoa mimba. Kinachofuata ni "sindano ya kushikiza mimba", ambayo huchomwa kwa kila anayeona damu, tena kabla ya altrasaundi. Hapa ushahidi upo na ni mzuri kuusimulia. Utafiti wa PRISM ulichukua wanawake 4,153 waliokuwa wakitoka damu, katika hospitali 48 za Uingereza, na majibu yakachapishwa 2019. Nusu walipewa projesteroni, homoni inayotunza mimba, ya kuweka ukeni, nusu dawa isiyo na kitu. Waliozaa mtoto hai walikuwa 75 katika mia kwa kundi la kwanza na 72 kwa la pili, tofauti ambayo inaweza kuwa bahati tu. Lakini kwa wale waliokwisha kupoteza mimba tatu au zaidi, ilikuwa 72 dhidi ya 57. Kutokana na hayo NICE ilishauri 2021 kwamba mwenye damu ambaye amewahi kupoteza mimba, na altrasaundi ikaonyesha mimba iko ndani, apewe projesteroni ya ukeni miligramu 400 mara mbili kwa siku, na mapigo ya moyo yakithibitika aendelee mpaka wiki 16 zitimie. Kwa mwenye mimba ya kwanza anayeona matone, haijaonyeshwa kumsaidia. Na kumchoma mtu homoni kabla hujajua mimba iko wapi ni kumpa matumaini, wakati mrija unaendelea kujaa.

Mimba ikishathibitika kuharibika, mama mwenye hali nzuri ana njia tatu, na achague yeye. Anaweza kusubiri wiki moja hadi mbili itoke yenyewe. Anaweza kupewa misoprostoli, dawa inayokifanya kizazi kubana na kutoa kilichomo. Kwa mimba changa ambayo sehemu yake imeshatoka, Shirika la Afya Duniani linataja mikrogramu 600 za kumeza, au 400 za kuweka chini ya ulimi. Au anasafishwa kwa pampu ya mkono, ambayo imechukua nafasi ya kukwangua kwa chuma, na pale ambapo bado wanakwangua kuna haja ya kuulizana kwa nini. Anayekwenda nyumbani aelezwe kwa namna ya nyumbani: ukilowesha pedi mbili kubwa kwa saa moja, na saa inayofuata ikawa hivyohivyo, usingoje kukuche.

Homa inabadilisha mpango. Joto, uchafu wenye harufu, tumbo linalouma ukiligusa: hizo ni dalili za kizazi kilichooza ndani, na mama huyo anahitaji viuavijasumu vya mshipani kisha kusafishwa mapema. Malaria nayo huharibu mimba, kwa hiyo apimwe, lakini kipimo cha malaria kikisoma chanya kisikufanye uache kuangalia kizazi. Anaweza kuwa na vyote viwili.

Na kama alimeza vidonge alivyonunua mahali? Muulize akiwa peke yake, mlango umefungwa, bila kumhukumu. Huduma baada ya mimba kuharibika hutolewa bila kujali chanzo. Swali lenyewe ni la kitabibu: misoprostoli haitibu mimba ya nje. Anaweza kuwa amemeza, akatokwa damu kutoka kwenye kizazi, akaamini yamekwisha, huku mrija ukiendelea kuvimba. Pakiwa na mtu aliyempiga, chumba hichohicho ndicho atakaposema.

Wachache wana mimba zabibu, ambapo kondo hukua ovyo kama vishada vya malengelenge. Kizazi huwa kikubwa kuliko miezi yake, kutapika kunazidi, presha hupanda mapema isivyo kawaida. Hao wanasafishwa hospitali na kufuatiliwa kwa vipimo vya homoni, kwani baadhi hugeuka kuwa saratani. Kuhusu wenye damu ya Rhesus hasi, ambao kwetu ni wachache na ambao mwili wao unaweza kutengeneza kinga inayoshambulia damu ya mtoto, mwelekeo wa miongozo ya sasa ni kwamba kabla ya wiki 12 sindano ya kinga haihitajiki kwa mimba inayotishia kutoka tu. NICE huishauri pale mama anapofanyiwa upasuaji au kusafishwa.

Turudi kwa yule wa pedi moja. Mapigo yake 108, presha 105/65. Anasema bega lilimuuma alfajiri. Zahanati haina altrasaundi wala haihitaji kuwa nayo ili kuamua. Kanula (mirija ya kuingiza maji mshipani) kubwa mbili, dripu, asile wala asinywe, damu ya kupima kundi ichukuliwe kama inawezekana, hospitali ya upasuaji ipigiwe simu kabla gari halijaondoka. Tanzania Bara kuna m-mama, namba 115, kwa ajili ya usafiri wa dharura wa wajawazito. Ndugu waende naye wa kuchangia damu. Muuguzi apande gari hilo, siyo kumpandisha bodaboda na karatasi ya rufaa mkononi. Mwenye hali tulivu ambaye mrija haujapasuka anaweza hata kutibiwa kwa dawa ya methotreksati bila kisu, lakini hilo ni la hospitali yenye maabara ya homoni, na si la mwenye bega linalouma.

Kwa yule ambaye mimba ilikuwa ndani na imetoka, yabaki maneno machache kabla hajainuka. Ataulizwa na mama mkwe alibeba nini. Mwambie, na ikibidi mwambie mume akiwa hapo, kwamba karibu nusu au zaidi ya mimba zinazotoka mapema zilikuwa na kasoro ya kromosomu tangu siku ya kwanza. Si ndoo ya maji, si bodaboda, si ugomvi wa juzi, si tendo la ndoa. Yai jingine linaweza kupevuka ndani ya wiki mbili, kwa hiyo asiyetaka mimba nyingine kwa sasa aondoke na njia yake leo.

Halafu andika tarehe kwenye kadi yake: wiki tatu kutoka leo, arudie kipimo cha mkojo. Mstari ukiwa mmoja, faili lifungwe. Ikibaki miwili, kuna mabaki, au kuna mimba zabibu, au kuna mimba mpya, au mimba ile haikuwahi kuwa pale tulipodhani, na swali la asubuhi ile linaanza upya.